Namba tasa kubwa kuliko zote haipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe kauli inayorudiwa mara kwa mara kuhusu namba iliyotangazwa Oktoba 2024, kwamba ndiyo "namba tasa kubwa kuliko zote", yaani namba inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Ilikuwa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi siku hiyo, basi. Kwani Euklide, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuthibitisha, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwamba namba tasa hazina mwisho.

Namba yenyewe ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320, na sidhani kama utakubali kuichapa. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitaja tarakimu yake ya mwisho bila kompyuta: 2 ikizidishwa kwa 2 tena na tena, majibu huishia na 2, 4, 8, 6, kisha huanza upya, na kwa kuwa 136,279,841 ikigawanywa kwa 4 hubakiza 1, 2 kwa kipeo hicho huishia na 2, hivyo ukitoa 1 inabaki 1.

Ili namba ya aina hii iwe tasa, namba ya kipeo nayo lazima iwe tasa, lakini hilo peke yake halitoshi. Namba 11 ni tasa, ilhali 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2,047, yaani 23 mara 89. Ndiyo maana mgunduzi wa namba ile ya 2024, Luke Durant wa Marekani, alihitaji mitambo iliyotawanyika katika nchi 17.

Tena, ukiizidisha namba hiyo ya Durant kwa 2 kwa kipeo cha 136,279,840, unapata namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama ilivyo 6, ambayo ni 1 na 2 na 3.

Mwalimu wa hisabati,
Morogoro