Mhariri, kwani mpangaji hawezi kumdhamini jirani yake?

Kwa Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wasomaji wote. Naandika kutoka mtaa wa Walukuba hapa Jinja, Uganda, juu ya wazee walioko rimandi, yaani waliofungiwa ndani wakisubiri kesi, na vijana wao waliobaki nyumbani. Kila nikishika gazeti naona kesi za wakubwa, leo waziri kesho jenerali, lakini hizi zetu za watu wa mshahara mdogo zinapita tu hivi hivi, mtu anakamatwa anapelekwa ndani basi, hakuna anayeuliza nyumba yake inakula nini.

Sisi tuko ndugu watatu, wanaume wote. Mimi ndiye mkubwa, nachomelea mageti na madirisha kwa kibanda cha mtu. Anayenifuata anaendesha boda. Kitinda mimba yuko S.4, sekondari mwaka wa nne, na mwaka huu anakaa mtihani wa taifa wa UNEB. Mama anauza mukene, dagaa wa ziwani, anaotoa Masese. Baba alikuwa askari wa usiku kwa stoo moja ya mali ya watu, kazi aliyoifanya miaka na miaka bila barua ya onyo, alafu usiku mmoja stoo ikavunjwa na asubuhi wakabeba askari wote wa zamu, wakasema mtaeleza mbele ya safari. Anayeijua kazi hii anajua ndivyo inavyokuwaga, mali ikipotea wa kwanza kushikwa ni mwenye tochi na rungu. Sisemi polisi wasiulize, waulize, ndiyo kazi yao. Lakini baada ya kuuliza kuna sheria, na hiyo sheria ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 23, inasema mtu akikamatwa kwa kushukiwa afikishwe kortini ndani ya masaa 48. Baba alipitisha masaa hayo akiwa bado kituoni. Kwa ukuta wa kituo kulikuwa na karatasi imebandikwa kwamba bondi ya polisi, yaani kuachiwa kituoni kwa dhamana, ni bure, na chini ya hiyo karatasi ndipo tuliambiwa tutoe kitu kidogo cha kusukuma faili. Tulikuwa hatuna. Faili ilikaa.

Alafu korti. Shtaka ni kuvunja stoo na kuiba. Hapa naomba wasomaji wenye mtu ndani wasome polepole, kwa sababu sisi hatukujua mpaka mzee mmoja mwenye kusoma sheria alipotufungulia macho. Ibara hiyo hiyo ya 23 inasema kesi ambayo hakimu mdogo anaweza kuisikiliza, mshtakiwa akikaa rimandi siku 60 kabla kesi haijaanza, korti inamwachia kwa dhamana. Kesi zile nzito za High Court peke yake ni siku 180 kabla hajapelekwa huko. Zamani zilikuwa siku 120 na 360, marekebisho ya 2005 ndiyo yalipunguza. Siku 60 za baba zimepita zamani na bado ako ndani, na kwa hilo hakuna aliyevunja sheria waziwazi, hapo ndipo ugumu ulipo. Sheria inasema ataachiwa kwa masharti ambayo korti inaona yanafaa. Na sharti letu lilikuwa wadhamini.

Tukaleta wadhamini wawili. Mmoja mjomba wetu kutoka Busia, amekuja na kitambulisho cha taifa na barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji. Wa pili mwenyekiti wa steji ya boda ambapo mdogo wangu anapaki. Mwenyekiti alivaa koti, amefika mapema kuliko sisi, ameshika bahasha yenye barua na kopi ya kitambulisho, jasho linamtoka kwa mkono mpaka bahasha ikalowa. Mwendesha mashtaka akamuuliza unaishi wapi, akasema Walukuba. Nyumba ni yako? Akasema napanga. Unapanga miaka mingapi? Akasema zaidi ya kumi. Una shamba mahali, una kiwanja? Hana. Basi ikasemwa huyu hana makao ya kudumu, si mdhamini wa kutosha, na mjomba naye anatoka mbali sana nani atamfuata huko Busia. Mzee yuko kizimbani anasikia. Kesi ikasogezwa.

Mhariri, nani Walukuba hapangi? Hizi estate zilijengwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi, Jinja ilipokuwa mji wa viwanda, bwawa la Owen Falls likafunguliwa 1954, na kiwanda cha nguo nacho kikawepo. Watu walitoka Kenya, Tororo, West Nile, kila upande, ndiyo maana mpaka leo huku kwetu Kiswahili ndicho tunachosalimiana nacho mlango kwa mlango. Watu waliletwa hapa wapange ili wafanye kazi. Babu alipanga, baba akapanga, mimi napanga chumba kimoja. Leo kupanga kumegeuka kuwa sababu ya kutoaminika? Mwenyekiti wa steji anajua kila kijana wa boda hapo analala wapi, ana daftari la majina na namba za simu, mtu akifiwa yeye ndiye anachangisha, mtu akiiba pikipiki yeye ndiye wa kwanza kuulizwa na polisi hao hao. Polisi wanamwamini kumtafuta mwizi, korti haimwamini kumdhamini jirani yake. Hiyo haiingii akilini.

Najua mwaka 2022 Jaji Mkuu Owiny-Dollo alitoa mwongozo wa dhamana kwa korti zote, na nashukuru kwa sababu angalau kuna kitu kimeandikwa. Ombi langu ni kwamba mahakimu wanapoangalia makao ya mtu waelewe mji unavyoishi. Miaka kumi kwa nyumba moja ya kupanga, na mwenye nyumba anakujua, na LC anakujua, hayo ni makao. Mwenye hati ya kiwanja anaweza kuuza kesho akahama, sisi tutaenda wapi?

Na wakili je? Watu wengi wanadhani serikali inampa kila mtu loya wa bure. Hapana. Ibara ya 28 inasema serikali inalipia wakili kama kosa lenyewe adhabu yake ni kifo au kifungo cha maisha. Kesi ya mzee wetu haifiki hapo, kwa hiyo anasimama mwenyewe, mtu aliyeishia P.5, darasa la tano, anaongea na hakimu kwa lugha ambayo karani anamtafsiria nusu nusu. Na nje ya korti wamejaa watu wa kukuambia wanamjua fulani ndani, lete laki tano mzee wako analala nyumbani leo. Vijana wenzangu, msitoe hiyo pesa. Dhamana ikiwa ni ya pesa inalipwa kwa risiti, na mshtakiwa akihudhuria kesi yake mpaka mwisho inarudishwa. Asiyekupa risiti anakula.

Sasa niseme la nyumbani, maana hilo ndilo linatuchoma zaidi na ndilo halisemwagi.

Kule ndani mzee aliambiwa na wenzake kwamba kuna njia fupi, unakiri kosa, mnaelewana na upande wa serikali juu ya adhabu, unahesabiwa muda uliokaa rimandi, unatoka. Njia hiyo ipo kisheria, ilianza kama majaribio na sheria zake zikaandikwa 2016, na kwa mtu aliyefanya kosa kweli naona ni njia nzuri, inapunguza msongamano. Magereza yetu yamebeba zaidi ya mara tatu ya watu yaliyojengewa na karibu nusu yao ni wa rimandi, yaani watu ambao bado hakuna aliyesema wana hatia. Lakini kwa ambaye hakufanya? Mdogo wangu wa boda alisema mzee akubali. Alisema kaka, akikubali pengine anatoka kabla mwaka haujaisha, akikataa tutampelekea sabuni mpaka lini? Mimi nikasema akikubali atakuwa mwizi kwa karatasi maisha yake yote, nani atampa tena uaskari na kampuni zote zinataka barua ya polisi kwamba uko safi? Tulibishana mpaka tukashikana mashati mbele ya mama, ndugu tuliokula sahani moja. Siku zikapita hatusalimiani, yeye anaondoka kabla ya alfajiri anarudi usiku wa manane, mimi nabaki kwa kibanda mpaka giza, mama anapika posho inakauka kwa sufuria. Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, lakini haya matusi tuliyotoleana yalikuwa ya kweli na yaliacha kidonda.

Aliyetupatanisha ni mzee mwenyewe. Tulienda kumwona pamoja, na ukienda kuona mtu kule unasimama mstari, unaandikisha jina, sabuni ulioleta inakatwa katikati waone hakuna kitu ndani, sukari inamwagwa kwa karatasi inachunguzwa. Akatoka na zile nguo za njano, amenyolewa, amekonda mabega. Tukamwambia tunachogombania. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, mimi sikuiba, na sitasema niliiba ili nije nyumbani nikae nanyi nikiwa mwongo. Alafu akamuuliza mdogo wangu mkopo wa pikipiki umebaki kiasi gani, akamuuliza wa mwisho kama pesa ya kujisajili UNEB imelipwa. Afande akasema muda umekwisha. Tangu siku hiyo mdogo wangu hajataja tena habari ya kukiri, na mimi sijamwambia tena kwamba alitaka kumuuza baba, neno ambalo nilikuwa nalirudia kila mara.

Wa mwisho ndiye ananitia wasiwasi. Shuleni waliambiana baba yake ni mwizi, akapigana, akafukuzwa wiki nzima. Sasa hapigani tena, hasemi kitu, na huo ukimya wake unanitisha kuliko ngumi. Watoto wa kiume tunaambiwa wewe sasa ndiye baba wa nyumba, jikaze. Kila jirani anayekuja kutupa pole anamaliza na hilo neno jikaze. Hakuna aliyewahi kumuuliza huyu mtoto analala saa ngapi. Walimu, nawaomba kwa moyo wote, mkijua darasani kuna mtoto ambaye mzazi wake yuko ndani mwiteni pembeni muongee naye, na wakimtania msicheke nao. Na majirani, mtu wa rimandi bado hajahukumiwa, Katiba hiyo hiyo ibara ya 28 inasema anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe au akiri mwenyewe. Kama hakimu hajasema, wewe uliyekaa kwa kibaraza unajuaje?

Mimi nilikuwa nimepanga kwenda kujitambulisha ukweni mwaka huu. Pesa zote zimeenda kwa nauli, kwa barua, kwa sabuni na sukari, na kwa mkopo wa pikipiki maana tukishindwa kulipa inachukuliwa na hapo tumekwisha. Wazazi wa msichana wamesema watasubiri, Mungu awabariki. Silalamiki juu ya kulisha nyumba, hiyo ni haki ya mzazi wangu juu yangu. Nachotaka ni kujua. Tarehe ya kesi tunaipata kwa kubahatisha, tunaenda tunaambiwa hakimu ako likizo, tunarudi tunaambiwa mashahidi hawakuja, siku nyingine gari la gereza halikuwa na mafuta kwa hiyo washtakiwa hawakuletwa kabisa na hakuna aliyetupigia simu. Siku moja ya kortini kwangu ni siku bila hela, kwa mdogo wangu pia. Ni kitu kigumu sana kubandika orodha nje ya korti jioni ya kabla, kesi gani zitasikilizwa na zipi zimesogezwa? Na iandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya watu wa hapo, kwa kuwa Kiswahili tayari ni lugha rasmi ya pili kwa Katiba tangu 2005.

Wenye nyumba nao nina neno kwao. Mpangaji wako mzuri akikuomba barua ya kuonyesha amekaa kwako miaka fulani na analipa, mwandikie. Wengi wanaogopa, wanadhani wakiandika wataitwa polisi au watadaiwa kodi ya mapato. Barua hiyo haikufanyi wewe kuwa mdhamini, inasema tu huyu namjua, anakaa hapa. Kwa korti inaweza kuwa tofauti ya mtu kulala kwake au kulala ndani. Wenyeviti wa LC vilevile, muhuri wenu msiuuze kwa bei ya kilo mbili za nyama kwa mtu ambaye baba yake yuko ndani.

Sisi tumeanza upya. Mwenyekiti wa steji amesema atarudi kusimama tena, hakukasirika hata kidogo, na safari hii atakuja na daftari la steji na barua ya mwenye nyumba wake. Mwenye nyumba wangu naye ameahidi kuandika, nimempelekea karatasi na kalamu mpaka kwake. Mjomba amekubali kuja kukaa kwetu mpaka kesi iishe ili isisemwe tena Busia ni mbali. Kesi inatajwa mwezi ujao, na kama kuna wakili msomaji wa gazeti hili anayeweza kusimama na mzee asubuhi moja tu, kwa ombi la dhamana peke yake, aache ujumbe kwako Mhariri, tutakuja kuuchukua.

Wako,
Mtoto wa kwanza,
Walukuba, Jinja