Barua ya wazi kwa vijana wanaosoma diplomasia: Ujerumani isomwe kuanzia Katiba yake

Wanangu,

Katika insha zenu nyingi mnaandika kwamba Ujerumani haina mkakati mkuu wa taifa, yaani mpango mmoja unaoongoza ulinzi, diplomasia na uchumi, kwa sababu inaiogopa historia yake. Historia imo, ila jibu hilo linawafanya muache kutafuta mapema mno. Anzeni na Kifungu cha 65 cha Katiba ya 1949.

Kifungu hicho kinampa Chansela, yaani mkuu wa serikali, kazi ya kuweka mwelekeo wa sera, kisha hapo hapo kinamwachia kila waziri aendeshe wizara yake kwa dhamana yake mwenyewe. Mawaziri wakivutana, baraza zima ndilo linaloamua. Walioiandika Katiba walitaka nchi isirudi tena mikononi mwa mtu mmoja, kama ilivyokuwa chini ya Hitler. Juu yake wekeni serikali za mseto: tangu 1966 hadi 2025, ukiacha majuma machache ya mwaka 1982, Chansela alitoka chama kimoja na waziri wa mambo ya nje chama kingine. Ni nani basi angeandika mkakati mmoja?

Tazameni mwaka 2023. Serikali ya Chansela Olaf Scholz ilitoa Mkakati wa Usalama wa Taifa, wa kwanza kwa nchi hiyo. Baraza la Usalama la Taifa la kuusimamia halikuundwa, kwa kuwa ofisi ya Chansela na Wizara ya Mambo ya Nje hazikukubaliana likae chini ya nani. Lilikuja kuundwa 2025, pale Chansela mpya Friedrich Merz na waziri wake wa mambo ya nje walipokuwa wote wa chama kimoja, CDU.

Uwezo haukukosekana, na hili ndilo ninalotaka mlishike sana. Urusi ilivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022. Siku tatu baadaye Scholz alitangaza mfuko wa yuro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Kufikia Desemba, Wilhelmshaven ilikuwa na kituo cha kupokelea gesi asilia iliyopoozwa hadi kuwa kimiminika na kuletwa kwa meli. Lakini Poland ilikuwa imeonya kwa miaka mingi kuhusu Nord Stream, mabomba ya kuleta gesi ya Urusi moja kwa moja Ujerumani kupitia chini ya bahari, na mwaka 2021 zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa ilitoka Urusi. Kabla ya dharura, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzilazimisha wizara, vyama na wenye viwanda kulipa gharama ya hatari ambayo bado haijafika.

Fedha nazo zilifungwa: marekebisho ya Katiba ya 2009 yaliwekea nakisi ya serikali kuu kikomo cha asilimia 0.35 ya pato la taifa. Machi 2025 matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato hilo yakaondolewa kwenye kikomo.

Kwa hiyo someni kwanza mkataba wa serikali ya mseto, kisha nani kapewa wizara gani, kisha bajeti. Hotuba ziwe za mwisho. Na msilipambe mno Baraza jipya, maana Kifungu cha 65 hakikuguswa.