Joto na nitrojeni havifanyi kazi moja udongoni

Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo. Mjadala wa misitu na hewa ya ukaa ukiibuka, hesabu huishia kwenye magogo: unene, urefu, aina ya mti. Udongo unaachwa, ilhali humo ndimo vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vya kuvu na bakteria vinamovunjavunja majani na mizizi iliyokufa.

Joto huharakisha kazi ya vimeng'enya vilivyomo tayari. Nitrojeni, iwe imeletwa na mvua, moshi au mbolea, hubadilisha aina ya vimeng'enya vinavyotengenezwa. Kusema tu kwamba vyote viwili "vinaozesha haraka" ni kosa. Katika msitu wa utafiti wa Harvard Forest, Massachusetts, Marekani, nyaya za umeme zilizofukiwa sentimita 10 chini zimepasha udongo nyuzi 5 zaidi tangu 1991. Katika miaka 26, sentimita 60 za juu zilipoteza asilimia 17 ya kaboni, tena kwa vipindi: miaka kama 10 ya hasara, kisha kama 7 ya utulivu, kisha hasara tena. Mradi wa miaka mitatu ungeweza kuangukia kwenye utulivu na kutangaza kuwa hakuna tatizo. Msitu huohuo una viwanja vilivyoanza 1988 kupewa nitrojeni, kilo 50 au 150 kwa hekta kila mwaka. Huko kaboni ilijikusanya, kwa sababu kuvu walipungua na vimeng'enya vya kuvunja lignini, kile kinachoukaza mti, vikapungua nao.

Matokeo hayo hayabebeki mazima mpaka Usambara au Uluguru. Udongo wetu mwekundu ni mkongwe, na chuma na aluminiamu vimeing'ang'ania fosforasi. Kimeng'enya ni protini, na protini haijengwi bila nitrojeni. Nitrojeni ikizidi, mizizi na vijidudu huitumia kutengeneza fosfatasi, kimeng'enya kinachoifungua fosforasi iliyofungwa kwenye mabaki ya viumbe. Hicho ndicho cha kupima kwanza.

Kosa kubwa hufanyika njiani, kutoka msituni hadi maabara. Sampuli hurushwa nyuma ya gari, juani, kisha huanikwa zikauke kama za kupima virutubisho. Ondoa majani ya juu, chota sentimita 0–10 sehemu kadhaa za kiwanja, changanya, weka kwenye deli lenye barafu. Kisha chekecha kwa chekeche la milimita 2, hifadhi nyuzi 4 na upime ndani ya siku chache. Mfinyanzi mbichi huziba chekeche. Umegemege kwa vidole, usiuanike.

Kwa fosfatasi: udongo gramu 1, bafa (kimiminika kinachozuia kiwango cha asidi kisibadilike) ya pH 6.5 mililita 4, paranitrofenili fosfati (kemikali ambayo fosfatasi huikata, ikatoa rangi ya manjano) mililita 1, saa 1 kwa nyuzi 37. Simamisha kwa mililita 1 ya kalisi kloridi na mililita 4 za sodiamu haidroksaidi, zote 0.5 M (moli 0.5 kwa lita), chuja, kisha soma umanjano kwenye nanomita 410. Kila sampuli iwe na pacha wake, ambao fosfati hiyo hutiwa baada ya kusimamisha. Bila pacha, rangi ya kahawia ya mboji huhesabiwa kuwa kazi ya kimeng'enya, na udongo wa msituni una mboji tele.

Nyuzi 37 hizo ni za maabara. Chini ya miti ya milimani udongo haufiki huko, kwa hiyo namba hiyo ni uwezo tu, si kazi inayofanyika. Anayetaka kuzungumzia tabianchi arudie kipimo kwa nyuzi 10, 20 na 30, na aandike mwezi aliochota udongo.

Wapimaji wa udongo,
Morogoro