YAH: PLAGI TATU, KABURETA MOJA NA UGONJWA AMBAO HAMKUUPIMA

Meneja wa Karakana,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ndiye mwenye ile Honda CG125 ya zamani niliyoileta kwenu mara tatu kati ya Machi na Mei kwa tatizo lilelile: asubuhi haiwaki mpaka nichomoe plagi na kuifuta. Pikipiki hii aliniachia marehemu baba, na ndiyo ninayoitegemea kushusha mboga kutoka Mgeta.

Mara ya kwanza mlibadilisha plagi. Mara ya pili plagi na kabureta, mkasema inakunywa mafuta mengi. Mara ya tatu mkafunga plagi inayopata joto zaidi, ambayo huunguza uchafu wake yenyewe lakini haizuii oili kuingia, kisha mkaniandikia makadirio ya kuchonga silinda na kuweka pistoni mpya.

Plagi zote tatu ninazo. Masizi ya petroli iliyozidi huwa makavu. Ukipitisha kidole yanatoka kama unga wa mkaa. Hizi zimelowa, zinang'aa na kuteleza, na nilizianika juani siku nzima zisikauke. Petroli ingekuwa imeshakauka zamani. Hiyo ni oili, na kabureta huchanganya petroli na hewa tu, haina oili.

Wala hakuna fundi wenu aliyeniuliza moshi unatoka wakati gani. Angeuliza, ningemwambia: asubuhi nikiwasha, na nikimaliza mteremko mrefu wa Mgeta nikafungua mafuta tena, nyuma yangu panakuwa bluu. Nikipanda mlima na mzigo, hautoki. Ringi za pistoni, zinazoziba mwanya kati ya pistoni na silinda, ndizo mlizozishuku mlipotaka kuchonga silinda, lakini zikichoka hutoa moshi injini inapobeba mzigo.

Fundi wa mtaani kwetu aliuliza hilo kwanza. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akamimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, akapima tena. Ringi zingekuwa zimechoka, oili ingeziba mwanya na mshale wa kipimo ungepanda sana. Ulisogea kidogo mno. Akafungua kichwa cha injini, akakuta sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda, zimekuwa ngumu kama kucha. Alibadilisha zote mbili siku hiyohiyo. Hii ni wiki ya tano, plagi ni kavu, rangi ya udongo.

Kwenu nililipa Sh 143,000: kabureta 85,000, plagi tatu 18,000 na ufundi 40,000. Risiti nimeambatanisha. Naomba nirudishiwe fedha hizo zote ndani ya siku 14, nami nitawarejeshea kabureta yenu.

Naomba pia kabureta yangu ya Keihin iliyokuja na pikipiki. Haikuwa mbovu, mliitoa bila kunikabidhi, na kwangu ina thamani kuliko hiyo mpya.

Wenu mteja,
Mwenye CG125