Matundu ya skrubu yachorwe vipande vikiwa vimeunganishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wachoraji wanaoleta michoro ya kompyuta katika karakana zetu za Shimanzi na Changamwe, hasa vijana wanaotoka vyuoni. Wengi huchora kila kipande katika faili lake, wakaweka matundu ya kipimo kimoja pande zote mbili, kisha vyuma vinapofika mezani skrubu hukataa kazi.

Skrubu ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, huhitaji matundu mawili tofauti: bamba la juu litobolewe milimita 6.6 ili skrubu ipite bila kukwama, na kipande cha chini milimita 5, ndipo hesi ikatwe, yaani mifereji ya mzunguko inayoshika skrubu. Matundu yote mawili yakiwa na hesi, skrubu haiwezi kuvibana vipande. Huzunguka tu huku mwanya ukibaki palepale. Mwezi uliopita niliuona mwanya huo kwenye kifuniko cha pampu ya maji, nikalazimika kupanua matundu manane kwa keekee, mteja amesimama pembeni akisubiri.

Dawa imo ndani ya programu yenyewe. Unganisheni vipande kwanza, kisha chora vituo vya matundu, yaani sehemu zake za katikati, mara moja tu na kuvipitisha katika vipande vyote viwili, ili ukisogeza tundu la juu, la chini nalo lifuate. Tena andikeni mchoroni ni tundu lipi lenye hesi, kwa maana fundi wa keekee hana kompyuta mbele yake. Ana karatasi tu, nayo mara nyingi imelowa mafuta.

Fundi wa karakana,
Changamwe, Mombasa