Rakleti haidai mashine, inadai moto wa juu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodhani rakleti, mlo wa Uswisi wa viazi na jibini iliyoyeyushwa, haipikiki nyumbani bila mashine yake. Huko Valais, ulikotoka mlo huu, nusu gurudumu la jibini huelekezwa motoni upande uliokatwa, kinachoyeyuka kikakwanguliwa sahanini. Moto unapiga uso wa jibini moja kwa moja. Grili ya juu ya oveni hufanya kazi hiyohiyo.

Jibini iwe imekaa miezi 3 hadi 6. Zile zinazogandishwa kwa ndimu au siki haziyeyuki hata uziunguze, na iliyokaa mwaka mzima huachia mafuta upesi ikabaki chengachenga. Kila mlaji atengewe gramu 200 za jibini na 300 za viazi. Itoe kwenye friji saa moja kabla, uikate vipande vya milimita 5. Ikiingia na baridi yake, juu huungua kati kungali kugumu. Gamba likwangue tu, usilitupe. Likikaushwa na moto ni tamu kushinda jibini yenyewe.

Viazi viwe vidogo, vya aina isiyovurugika. Vichemshe na maganda yake, ukianza na maji baridi yenye chumvi, dakika 20 hadi 25. Vya unga hupasuka na kunywa maji. Mwaga maji, rudisha sufuria jikoni dakika moja vikauke, kisha funika.

Washa grili dakika 10 mapema. Panga jibini kwenye kikaango cha chuma kisicho na mpini wa plastiki, kiasi cha sentimita 10 chini ya moto. Dakika 3 hadi 5 zinatosha: itokote, ipate madoa machache ya kahawia, itoke. Hapa ndipo wengi huharibu, wakisubiri iwe kahawia yote. Protini hukaza na kukamua mafuta, ukabaki na kitu cha kutafuna kama mpira, na hakirudi tena. Wanaotia mvinyo na wanga wanapika fondyu, mlo mwingine kabisa.

Sahani zipashwe moto, maana jibini huganda upesi. Kwa sababu hiyo usiyeyushe yote kwa mpigo. Kila mtu apate kidogo, ale, ndipo kikaango kirudi. Chumvi usiongeze. Pilipili manga inatosha, na pembeni matango madogo na vitunguu vya siki, kwani jibini tupu hukinaisha kabla viazi havijaisha.

Msomaji wenu,
Mpishi