Baiskeli haijui kaunti, tupeni njia kando ya reli

Bwana Mhariri,

Mimi nakaa Githurai 45 na kazi iko Industrial Area, Nairobi, naenda na baiskeli mwaka wa nne sasa, kwa hivyo siandiki kama wale wa spoti wenye helmeti za bei na kaptula za kubana (wale pia ni wetu, tunapungiana mkono), naandika kama mtu anayekwepa nauli. Matatu ya kwenda tao ni hamsini kama hakujanyesha, kukinyesha ni mia na makanga hata hakuangalii usoni, na ukishuka tao bado hujafika, upande ingine ama upige mguu mpaka barabara ya Lunga Lunga huko Industrial Area.

Najua kuna mtu atasema si Thika Road iko na njia ya baiskeli. Iko, ilikuja na barabara yenyewe ikaisha 2012, na kuna vipande unateleza tu mpaka unasahau unaenda kazi. Lakini ukifika steji njia imeisha, hapo kuna mama mboga, kuna hoka wa viatu, kuna nduthi zimepaki zikingoja abiria, na siwalaumu, wote wanatafuta unga kama mimi. Mbele kidogo mfuniko wa mtaro umeenda na watu wa skrapu, mwaka jana niliingia hapo saa moja usiku rimu ya mbele ikapinda kama nane, goti mpaka leo linanikumbusha baridi ikifika. Halafu kwa flaiova njia inapotea kabisa, unajipata katikati ya matatu zinazoingia na zinazotoka na kila dereva anadhani wewe ndio umekosea njia.

Kaunti ya Nairobi iko na sera ya watembea kwa miguu na baiskeli tangu 2015, sawa, lakini sisi tunaofanya kazi Nairobi wengi tunalala nje ya Nairobi. Ruiru ni Kiambu, Mlolongo ni Machakos, Rongai na Kitengela ni Kajiado. Hata Githurai yenyewe imegawanywa, 44 ni Nairobi na huku kwetu 45 ni Kiambu, sasa kila kaunti ikijenga na kuishia kwa mpaka wake tutabaki na vipande tu, na baiskeli haisimami hapo iulize gavana ni nani.

Mimi naona jibu liko kwa reli. Si SGR, ile ya zamani ya Thika, iliyofika huko 1913. Hebu angalia inapopita: Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa, Ruiru. Hizo si ndizo mitaa watu wanatoka asubuhi kwenda viwandani? Na treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hivyo waliojenga waliitafutia mteremko wa polepole, kitu mtu wa baiskeli anajua thamani yake akishapanda kutoka Pangani kuelekea Muthaiga na mzigo nyuma. Hakuna flaiova, hakuna steji kila mita mia, na treni zenyewe ni za asubuhi na jioni, siku nyingi unasikia honi yake tu kwa mbali.

Na watu washaianza hiyo njia kwa miguu yao, kando ya reli kuna kijia kimekanyagwa mpaka kikang'aa. Kukiwa kukavu hata mimi hupitia huko asubuhi. Jioni siwezi, giza, na mwenyewe unajua. Lami si lazima, changarawe iliyoshindiliwa vizuri inatosha, ua kati ya njia na reli, na taa. Pesa kubwa itaenda kwa madaraja, maana pale mtoni saa hii tunabeba baiskeli begani tukiruka juu ya mataruma na chini unaona maji, nimeona mama na mtoto mgongoni akivuka hivyo.

Kuhusu wenye vibanda kando ya reli, tafadhali nyinyi wa serikali msiwaendee na tingatinga usiku. Kaeni nao chini kwanza, huyo muuza chai ndiye ataweka macho njia isigeuzwe jaa la takataka.

Nilijaribu kupeleka hii maneno kwa ofisi moja, wakaniambia ardhi ya reli si yao, nikaenda ya pili wakaniambia baiskeli si zao. Nairobi Expressway, ile barabara ya kulipia ya kilomita 27, ilifunguliwa 2022 na baiskeli hairuhusiwi kukanyaga huko, sina wivu, lakini iliwezekana kupita kaunti mbili bila mtu kuuliza ni ya nani.

Anzeni na Githurai mpaka Makadara tu. Mkitaka mtu wa kuwaonyesha pahali maji hukusanyika, mimi hupita hapo saa kumi na moja u nusu asubuhi, baiskeli nyeusi, kengele haifanyi kazi.

Mwendesha baiskeli,
Githurai 45